Sentensi Fupi za Mpwa Wangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumpima mpwa wangu nikiwa nimekaa karibu naye, sote wawili tukitazama picha moja. Nilifanya makosa mengine baada ya hapo, na moja lilikuwa baya zaidi, lakini yote yalitoka katika hilo. Nalitaja mapema kwa sababu najijua: nikichelewa, nitalizungushia maneno mpaka lionekane dogo.

Mpwa wangu ni binti wa dada yangu mkubwa. Wakati huo alikuwa amepita miaka minne. Tunaishi watatu mtaani Obunga, katika chumba kilichogawanywa kwa pazia, wao upande wa dirisha na mimi upande wa mlango. Dada anauza katika duka la vifaa vya ujenzi kule Kisian. Anatoka asubuhi na kurudi giza likiingia. Mimi nafanya kazi kwenye saiba mjini, nachapa barua za watu na kuwasaidia kutuma maombi mtandaoni. Sikwenda chuo. Siku moja mwanafunzi alileta utafiti wake kuhusu lugha ya watoto ili tumchapishie, nikausoma nikiwa napanga kurasa, na tangu hapo kila saa isiyo na wateja niliitumia kutafuta mengine ya aina hiyo.

Kipimo chenyewe ni rahisi kueleza. Unamrekodi mtoto akizungumza, unaandika kila kauli yake, kisha unaikata katika vipande vidogo kabisa vyenye maana. "Maji" ni kipande kimoja. "Nimeanguka" ni vipande vitatu: mimi, jambo lililokwisha kutokea, na kuanguka. Ukigawa vipande vyote kwa idadi ya kauli, unapata wastani, na mtoto anavyokua wastani hupanda. Halafu unaangalia kama anaweza kuingiza sentensi ndani ya sentensi nyingine: yule niliyemwona, nilidhani umelala, ukija nitakupa. Hapo ndipo unapoona sarufi yake imefika wapi.

Nilikipenda kipimo hicho kwa sababu ninayoona aibu kuitaja: kilikuwa na jibu. Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni mara ya pili kuhakikisha nimefunga. Barua ya mteja naisoma mpaka yeye mwenyewe anachoka kunisubiri. Kupata kitu kinachosema mtoto yuko hapa, si pale, kulinituliza moyo. Nilikosa usingizi nikijiuliza kama ile "a" ya mwisho ya kitenzi ihesabiwe au isihesabiwe, na sikujiuliza kabisa kama niliyekuwa nampima alikuwa anaongea nami au ananivumilia tu.

Nilichapisha kitabu cha picha kutoka mtandaoni. Kilikuwa na mbwa, matope, na mwanamke aliyeanika nguo. Tuliketi kitandani kwangu, simu katikati yetu. Jirani yetu mlango wa pili hukaanga mgongo wazi, ile mifupa inayobaki viwandani samaki wakishatolewa minofu, na mafuta yake yalinguruma kwenye rekodi hadi nikaifuta na kuanza upya.

"Mbwa anafanya nini?"

"Anakimbia."

"Anakimbia wapi?"

Alinitazama, akatazama picha, akanitazama tena. "Hapa."

"Na huyu mama?"

"Nguo."

"Amefanya nini na nguo?"

"Anko, nguo," alisema, akaigonga picha kwa kidole kama anayemwonyesha kipofu.

Tuliendelea hivyo jioni kadhaa. Niliandika, nikakata vipande, nikagawa. Jibu lilimweka chini ya umri wake. Nilihesabu upya nikitumaini nimekosea. Nilihesabu ile "a" ya mwisho, ambayo nilikuwa nimeamua kuiacha, ili tu nimsaidie. Bado alikuwa chini sana. Sentensi ndani ya sentensi hakukuwa na hata moja.

Dada yangu ananiamini kuliko inavyofaa. Nyumbani mimi ndiye msomaji, basi ninachosoma kinahesabiwa kuwa kweli.

"Dada, keti kidogo," nilimwambia.

"Nimechoka. Sema tu nikivua viatu."

"Ni kuhusu mtoto. Lugha yake iko chini."

"Chini ya nini?"

"Ya umri wake."

Alibaki na kiatu kimoja mkononi. "Wewe umejuaje?"

Nikamwonyesha. Nilimweleza vizuri, kwa utulivu wa mtu aliyejiandaa. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Mwishoni akauliza kwa sauti ndogo, "Ni nini imemchelewesha?"

Hapa ndipo nilipofanya lile baya zaidi. Sikujua. Hakuna mahali popote nilipokuwa nimesoma jibu la swali hilo. Lakini nisingeweza kumaliza hotuba nzuri namna ile kwa kusema sijui, basi nikasema nililowahi kusikia wazazi wakiambiana wakipanga foleni pale saiba: "Labda lugha mbili zinamchanganya."

Dada aliweka kiatu chini, akachukua simu, akampigia mama yetu aliye Dunga. Mama huuza omena, dagaa wa ziwani, pale ufukweni, na mtoto alikuwa akishinda kwake kila mwisho wa wiki. Kwa mama hakuna lugha ila Dholuo, lugha tuliyozaliwa nayo.

"Mama, kuanzia leo usiongee na mtoto Dholuo. Kiswahili tu. Inamharibu."

Simu ilikuwa kwenye spika. Tulisikia mawimbi, na mtu akicheka mbali.

"Basi nitaongea na yeye na nini?" mama aliuliza hatimaye.

"Si nimekuambia Kiswahili."

"Kiswahili gani? Hii yangu ya kuomba chenji?"

Nilidhani dada angecheka. Nilidhani mama naye angecheka. Hakuna aliyecheka. Nilishtuka jinsi jambo nililolisema kwa ajili ya kumalizia maneno lilivyosimama katikati ya chumba chetu na kuwa sheria.

Wiki zilizofuata mtoto alianza kunyamaza. Haikuwa mara moja. Kwanza alikuwa akianza neno la Dholuo, anamtazama mama yake, halafu anafunga mdomo. Baadaye akawa haanzi. Akitaka maji alinivuta shati mpaka kwenye mtungi. Akiulizwa shuleni wamekula nini, aliinua mabega. Dada alimnunulia vitabu vya hadithi, akamsomea kila jioni huku usingizi ukimzidi, na mtoto alisikiliza akinyonya ukosi wa gauni lake.

Mimi nilifanya nini? Nilimpima tena. Naandika sentensi hii nikiwa nimeona haya. Nilimpima, wastani ukawa umeshuka zaidi, na badala ya kuogopa nilifarijika, kwa sababu ulionyesha kwamba hesabu yangu ya kwanza haikuwa na kosa.

Jumamosi moja dada aliitwa kazini kuhesabu mali ya duka, nikaachiwa mtoto. Mama alikuwa ameniomba nimpelekee chaja ya simu, basi nikamchukua mtoto tukaenda Dunga, ambako hakuwa amepelekwa tangu simu ile. Tulimkuta mama ameanika omena kwenye nyavu na vyandarua chini, anazigeuza kwa fagio. Mtoto alimkimbilia. Mama alifungua mikono, akafungua na mdomo, kisha akaukaza.

"Wewe. Kuja," alimwambia kwa Kiswahili. "Keti. Kula."

Mwanamke aliyekuwa akianika karibu naye alicheka hadi akaegemea kapu. "Mama, leo umeandikwa polisi? Kuja, keti, kula! Bado pingu!"

"Wacha," mama alisema. "Nimekatazwa. Mtoto ya watu, nisiiharibu."

Mtoto ya watu. Alisema hivyo akinitazama mimi. Mtoto mwenyewe alikaa alipoambiwa, akala ndizi aliyopewa, akamtazama nyanya yake jinsi alivyozoea kutazama picha zangu.

Mchana ulipogeuka, wingu zito lilishuka ziwani upande wa milima ya Homa, na upepo ukaanza kupeperusha kingo za nyavu. Omena zikinyeshewa kabla hazijakauka ni hasara, na ufukwe mzima uliinuka kwa wakati mmoja. Mama alinipa ncha ya wavu mmoja nishike, yeye akashika ya pili, tukaanza kuukunja. Lakini alikuwa na omena nyingine mbali, karibu na kibanda cha mwanamke anayekaanga samaki, na turubai lake lilikuwa huko huko.

"Niende?" niliuliza.

"Wewe shika hapa, hii ni nzito."

Kisha akamgeukia mtoto, na katika haraka ile akasahau kwamba amekatazwa. Maneno yalimtoka kwa Dholuo, mfululizo. Nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoyakumbuka: "Nenda kwa mama wa samaki. Mwambie nimesema kama mwanawe amerudi, aniletee lile turubai alilochukua juzi. Kama hajarudi, yeye mwenyewe aanue omena zangu zilizo karibu na mtumbwi uliopinduliwa, azichanganye na zake, sitagomba. Lakini zile za kwenye chandarua kilichochanika asizichanganye, zilinyeshewa jana, zitaziharibu zingine. Kimbia."

Mtoto alikimbia.

Nilishikwa na wasiwasi wa kawaida yangu. Mtoto asiyeweza kuniambia mwanamke amefanya nini na nguo angebebaje mzigo ule? Angefika akasema "omena", akapiga kidole hewani, na riziki ya mama ingelowa. Niliachia wavu.

"Unaenda wapi wewe?" mama alipiga kelele.

"Atasahau!"

"Asahau nini? Rudi hapa! Angalia umemwaga!"

Sikurudi. Nilipofika nyuma ya kibanda nilisimama, kwa kuwa mtoto alikuwa amekwisha anza. Kwanza alimsalimu yule mwanamke, akasubiri kuitikiwa. Ndipo akasema, kwa Dholuo, sauti kubwa kidogo kushinda upepo:

"Dani amesema kama mtoto wako amerudi, amletee lile turubai alilochukua juzi."

Dani ni nyanya. Yule mwanamke alikuwa anafunika karai lake, hakumtazama hata. "Hajarudi."

"Basi dani alisema kama hajarudi, wewe mwenyewe uanue omena zake zilizo pale karibu na mtumbwi uliolala kifudifudi, uzichanganye na zako, hatagomba."

"Na zile za kwenye chandarua nizichanganye pia?"

"Zile za kilichochanika? Hapana! Zile zilinyeshewa jana. Ukizichanganya zitaharibika zote, halafu dani atadhani ni mimi ambaye sikukuambia."

Mwanamke aliacha karai akamtazama. "Huyu mtoto ana mdomo! Nimekusikia, mama, usinipige."

Sijui nilisimama pale muda gani. Nakumbuka nilishika nguzo ya kibanda. Kila kitu nilichokitafuta kwenye rekodi zangu nisikipate kilikuwa kimepita mbele yangu kwa mwendo wa mtoto anayekimbizana na mvua. Kama hajarudi. Zilizo karibu na. Uliolala. Atadhani ni mimi ambaye. Alikuwa ameacha sehemu isiyohitajika na kuchagua inayohitajika. Alikuwa hata ameongeza ya kwake, kwa kuwa mama hakumtuma aseme kwamba atalaumiwa. Simu yangu ilikuwa mfukoni, imezimwa. Na jambo lililonishtua zaidi ni kwamba sauti yenyewe sikuwa nimeisikia kwa wiki nyingi, na sikuwa nimegundua kwamba ninaikosa.

"Na wewe kijana," mwanamke alinifokea, "umesimama hapo kama nguzo ya stima, huoni mvua?"

Tulianua. Mvua ilitukuta tukimalizia, tukaingia kibandani wote, mama akija wa mwisho na kapu kichwani na maneno makali juu ya wavu nilioachia. Mtoto alimweleza yote yaliyosemwa na mama wa samaki, hata lile la mdomo, akicheka. Mimi nilichuchumaa karibu naye nikamuuliza kwa Dholuo, lugha ambayo sikuwa nimemsemesha tangu simu ile:

"Mbona siku zile za picha hukuniambia maneno mengi hivi?"

Alinishangaa. "Si ulikuwa unaona?"

Nilijiona mjinga kwa namna isiyo na dawa. Mimi nimekulia hapo hapo. Utoto wangu wote nilitumwa: kamwambie fulani kwamba mama amesema, rudi uniambie alivyojibu. Ukisahau kipande unarudishwa ukakichukue. Mtoto wa kwetu hupewa maneno marefu ampelekee mtu asiyejua, na huko ndiko anakojifunza kuyapanga. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniketisha aniulize kuhusu kitu kilicho mbele ya macho yake. Angefanya hivyo ningedhani anaumwa. Niliyajua haya kabla sijajua kusoma, kisha nikasoma mpaka nikayasahau.

Nilipoinua kichwa, mama alikuwa amenikazia macho. Hasira ya wavu ilikuwa imemtoka usoni, na mahali pake palikuwa na kitu ambacho sikuwahi kukiona kwake.

"Usimwambie dada yako," alisema polepole. "Ni mvua tu. Nilisahau. Sitarudia."

Mama yangu alikuwa ananiomba radhi kwa kusema na mjukuu wake. Nimejaribu kuandika nilivyojisikia hapo nikafuta kila mara. Nilisema, "Hapana, Mama, hapana," nikaendelea kusema hivyo mpaka mwanamke wa samaki akamuuliza mama kama kijana wake amepigwa na baridi.

Jioni hiyo nilimsubiri dada nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Nilimwambia yote bila kupanga maneno. Alikuwa anatia sukari kwenye chai, akaacha kukoroga.

"Kwa hivyo mtoto hana shida."

"Hana. Nilimpima vibaya. Tena nilimpima kwa lugha moja na yeye ana mbili."

"Na ile ya kusema lugha mbili zinamchanganya, ulisoma wapi?"

"Sikusoma. Nilisikia kwenye foleni."

Aliweka kijiko mezani taratibu. "Kwenye foleni," alirudia. "Nimenyamazisha mtoto wangu kwa maneno ya foleni? Nimekataza mama yangu... Wewe! Na ulikuwa unaona akinyamaza, kila siku unaona, na unaandika?"

"Nilikuwa naandika."

Hakunipigia kelele, na ningependa angepiga. Alivuta pazia. Nilimsikia upande wa pili akimwamsha mtoto, akimsemesha Dholuo kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida tu, miguu yako ni baridi, sogea hapa. Mtoto hakujibu chochote. Dada akaendelea kusema. Baadaye sana nikasikia sauti ndogo ikimwambia kwamba mama wa samaki amesema ana mdomo.

Kesho yake baada ya kanisa tulikwenda Dunga sote. Dada alisimama kabla hatujafika, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamnong'oneza kwa muda. Kumwomba mama msamaha uso kwa uso kulimshinda, na kwa nini nisiseme, hata mimi kulinishinda. Mtoto alitutangulia. Tulimkuta mama ameshika fagio, mtoto mbele yake, mikono nyuma, amesimama wima kama anayesoma risala.

"Dani, mama amesema nikuambie anasikitika kwamba alikukataza kuongea na mimi, kwa sababu nera alimwambia kwamba simu yake ilimwambia kwamba mimi sijui kuongea."

Nera ni mjomba. Ni mimi.

Mama alimtazama mtoto, akanitazama, akaitazama mifuko ya suruali yangu kana kwamba simu ingechomoza kujitetea. Kisha akaketi chini palepale kwenye mchanga, karibu na omena, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuweza kutofautisha machozi yale yalikuwa ya kicheko peke yake au la.

"Rudi umwambie mama yako," alisema akijifuta, "nimesikia. Na umwambie nera yako hiyo simu aniletee nifungie omena."

Mtoto aligeuka akapiga hatua mbili hadi tulipokuwa tumesimama, akatuambia yote, ingawa tulikuwa tumesikia. Hilo halikumsumbua. Alikuwa ametumwa.

Siku hizi mpwa wangu anasema na nyanya yake Dholuo, shuleni Kiswahili, na nyumbani chochote kinachomjia kwanza. Mimi bado nasoma kuhusu lugha ya watoto saiba inapokuwa tupu. Simpimi mtoto kwa picha ninayoiona mimi pia, simpimi kwa lugha moja kama ana mbili, na nikiulizwa jambo nisilolijua nasema sijui, ingawa bado hunitoka kwa shida. Kitu kimoja hakijarudi kama zamani: nikitoa simu mfukoni, hata kama ni kuangalia saa tu, yeye hunyamaza. Kwa hiyo nikiwa naye naiacha saiba.